Kisite na Watamu kuangalia buabua: safari tatu na makosa yangu yote

Kila mwaka ikiingia mwezi wa sita hawakosi watu wawili watatu wa kunipigia simu, wameona kwenye status yangu zile picha za kisiwa kilichojaa buabua, hao ndege weupe wa baharini, wanataka niwaelekeze. Nawaelekeza, ila kwa simu huwa nafupisha, nenda Shimoni, tafuta nahodha, lipa tiketi ya hifadhi, basi. Ile sehemu ya mimi kutapikia miguu ya mwenzangu siisemi. Na ile ya mayai siisemi kabisa. Leo stima imepotea mtaa mzima tangu asubuhi, na kazi yangu mimi ni friji na AC, kwahivyo bila stima ni mtu wa kukaa barazani tu, wacha niandike yote mara moja.

Sikuwa mtu wa ndege mimi. Nimezaliwa Kuze, ndege niliokuwa nawajua ni kuku, njiwa wa ami yangu, na hawa kunguru wa shingo ya kijivu wanaotuibia samaki kwenye sinia, ambao si wa kwetu hata, waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ati wale takataka, hapa Mombasa wakaanza kuonekana 1947, na tangu hapo wamekuwa wenyeji kutushinda. Wawekeni kando hao kunguru, watarudi mbele.

Aliyenitia hamu ni huyo huyo ami. Ujana wake alikuwa baharia wa jahazi, Mombasa Lamu, Lamu Kiunga, akipata mzigo anapanda mpaka Kismayu. Usiku akishakunywa kahawa yake anatueleza habari za visiwa vya Kiunga, mawe matupu, hakuna mtu, hakuna maji, hakuna mti wa kujificha jua, lakini kusi likishika kasi vinageuka vyeupe kwa ndege, na ukitia nanga karibu hulali kwa kelele. Anasema walikuwa wakishuka na kikapu wanaokota mayai wanachemsha, na hapo anacheka sana, sisi watoto tunameza mate. Alifariki 2020. Mimi nikabaki na kile kiherehere, nataka nione japo mara moja kitu alichokuwa anakisema.

Kiunga kwenyewe nikakutoa kwenye hesabu mapema. Ni hifadhi tangu 1979, visiwa vidogo vidogo vinafika kama 50, lakini ni kule karibu na mpaka wa Somalia, usalama wake si wa kufanyia mzaha, na kutoka Mombasa ni safari ya kuombea likizo. Jamaa mmoja wa Unguja akaniambia basi njoo Fungu la Kizimkazi, hicho ramani za Wazungu zinakiandika Latham, kisiwa kiko peke yake katikati ya bahari ya Tanzania, chini kama sahani, hakuna anayekaa isipokuwa ndege. Nikauliza bei ya boti. Nikamshukuru, nikamuuliza habari za watoto.

Kumbe kuna Kisite hapa hapa Kwale, nyuma ya kisiwa cha Wasini, ndani ya hifadhi ya Kisite Mpunguti. Watalii wanaenda kila siku kuangalia pomboo. Nikajiambia hii ni kitu ya Jumapili moja.

Basi Desemba 2021 nikamchukua mke wangu tukaenda. Desemba si unajua, kaskazi, maji meupe unaona mpaka chini, boti kibao, Shimoni imechangamka. Tukapanda boti ya watalii, pomboo tukawaona, tukaogelea, tukakaa kwenye fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa, tukarudi Wasini tukala kaa na wali wa nazi. Raha tupu. Kisiwa cha Kisite chenyewe kiko pale kando, jiwe limekatikakatika kwa chini na majani mafupi juu. Ndege nikahesabu shakwe wanne na yangeyange mmoja amesimama kama askari wa benki. Nikamuuliza kijana wa boti, ndege wako wapi? Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia aliyekuja kununua embe mwezi hakuna embe. "Ndege ni kusi, kaka. Saa hizi wako huko baharini, hawana habari na jiwe."

Hiyo ndo ilikuwa elimu yangu ya kwanza na ilinigharimu kama elfu kumi na mbili watu wawili. Hawa buabua (si shakwe, watu wanachanganya, buabua ni mwembamba, mabawa ya ncha, mkia umegawanyika kama wa mbayuwayu) nchi kavu wanakuja kutaga tu. Huku kwetu ni kuanzia Juni mpaka Septemba, wengine wanafika Oktoba. Miezi mingine maisha yao ni juu ya maji. Sasa shida iko hapa: hiyo miezi yao ndo kusi lenyewe, upepo unavuma, bahari imechafuka, boti nyingi zimevutwa mchangani zinapigwa rangi. Yani ukifuata raha ya bahari ndege huwapati, na ukiwafuata ndege bahari itakudai. Na hata ndani ya msimu hakuna ahadi, mwaka huu wanakaa mamia kwa mamia, mwaka unaofuata jiwe ni lile lile na hakuna hata unyoya, wamehamia kwingine. Kwahivyo kabla hujalipa hata nauli piga simu kwa mtu aliyepita pale wiki hiyo. Si mwezi uliopita, wiki hiyo.

Safari ya pili nikajiandaa kama mtu anayekwenda kuoa. Nikanunua darubini ya mtumba kwa 3,500, kubwa, nzito, muuzaji akaniambia inavuta mara 20, nikaona hii hapa nitamhesabu ndege kope. Mtu mwenye akili angeniambia kwenye boti inayotikisika darubini ya mara 20 haina kazi, unaona mawingu, maji, mawingu, maji, kisha unaona chakula chako cha asubuhi. Ya mara 8 inatosha, hata 7. Ile yangu saa hizi anayo mtoto wa dada yangu anaangalia mwezi.

Halafu nikatuma 3,000 ya kushikilia boti kwa kijana mmoja tuliyejuana kwa simu tu, akaniambia boti ni ya baba yake. Siku tatu kabla ya safari simu ikazimwa mpaka leo. Simtaji, na kosa ni langu, manake pale Shimoni kuna ofisi ya BMU, watu wa ufuo wenyewe, ukienda pale au ukimpata mtu wao watakwambia nahodha gani ana boti nzima na nani ana maneno tu. Ningefanya hivyo kwanza ningekuwa na elfu tatu yangu. Kupitia hao ndo nikampata mzee mmoja mvuvi, tukakubaliana 8,000 na mafuta ndani, mimi na mwenzangu wa kazini tukagawana nusu kwa nusu. Tiketi ya hifadhi mbali, hiyo unalipa kwa simu kwa KWS, wale wa shirika la wanyamapori, angalia bei wakati huo manake zinabadilika.

Tarehe niliichagua mimi. Jumamosi ya katikati ya Julai 2022, wiki moja baada ya Idi ya kuchinja, sababu ndo siku sote wawili tulikuwa hatuna kazi. Sikuangalia mwezi. Mtu wa Mombasa mzima, nimelelewa na baharia, sikuangalia mwezi! Wiki moja baada ya Idi ni mwezi 16, 17, hiyo ni bamvua lenyewe, na bamvua huku kwetu maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Maana yake ni kwamba mchana kati, saa ile sisi tunafika, maji yamekauka, mwamba wote uko nje na boti haiwezi kusogea.

Na tukachelewa pia. Tulipanga alfajiri, lakini mwenzangu yuatoka Kisauni, tukangojana feri, Likoni matatu haijajaa, na mimi nikaona huu ndo wakati wa kula mahamri na mbaazi. Sahani nzima. Nikaongeza viazi karai na ukwaju. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Matatu 400 mpaka Shimoni, tumefika saa mbili na nusu, kuingia baharini saa tatu na nusu. Nahodha amekaa juu ya ukingo wa mashua anatungoja, hakuamka hata. "Mumechelewa, wanangu," akasema. "Umande umeshakufa, sasa ni kusi tupu."

Umande ndo ule upepo wa alfajiri unaotoka bara, mwepesi, bahari imelala. Ukiondoka na umande unakwenda kama uko kwenye zulia. Sisi tuliondoka upepo umeshageuka, na Kisite iko upande wa kusini, kwenda ni kupigana nao uso kwa uso. Ndani ya mlango wa Wasini hata sikuona kitu nikawa napiga selfi. Tulipopita tu ncha ya kisiwa mashua ikapanda juu, ikasimama hewani kidogo, ikapiga chini, pwaa, na maji yote yakaja kwetu. Mashua ya faiba, injini moja, jaketi za kuokolea mbili na sisi ni wanne pamoja na kijana wa nanga. Hilo nalo nililiona tukiwa nje, si ufuoni nilipokuwa na nafasi ya kulisema. Sasa hivi siingii kabla sijahesabu jaketi na kuuliza kama kuna injini ya pili au hata tanga na kasia. Nahodha akikasirika kwa swali hilo huyo si nahodha wako.

Kutapika nilianza kama dakika ya ishirini. Mbaazi zote, na ukwaju. Mwenzangu alikuwa amekaa chini yangu upande wa upepo, siongezi neno. Kofia ikapeperuka. Nahodha akanipa kipande cha tangawizi mbichi nitafune, akaniambia nisiangalie simu niangalie ukingo wa bahari, na kweli ikatulia kidogo. Tangu siku hiyo mimi asubuhi ya safari nakula mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa, na dawa ya kichefuchefu nanunua kwa duka la dawa nameza kabla ya kuingia, manake ukishaanza kutapika kidonge nacho kinatoka.

Halafu, nikiwa nimelala kwenye ubavu wa mashua nimekata tamaa ya maisha, kijana wa nanga akanigusa bega. Mbele yetu kuna kundi, labda mia, linazunguka juu ya kipande kimoja cha maji, wanajitupa mmoja mmoja kama mawe, wanatoka na kidagaa mdomoni. Maji chini yanachemka. "Jodari hao," nahodha akasema. Akanieleza, jodari wakiwafukuza dagaa kutoka chini dagaa wanapanda juu, na juu kuna buabua anawangoja, na mvuvi akiona buabua wanajitupa anajua pa kupeleka mshipi. Nilisahau tumbo. Wengine walipita juu ya vichwa vyetu karibu kabisa, kofia nyeusi, mdomo mwekundu, kifua cheupe ambacho jua likikipiga vizuri kina wekundu wa mbali sana kama maji ya waridi. Mkia una nyuzi mbili ndefu nyeupe. Huyo vitabu vinamuita Sterna dougallii, wavuvi kwao wote ni buabua.

Kisiwa tulikisikia na kukinusa kabla hatujakiona vizuri. Ami hakuwa ametia chumvi. Ile kelele haina mapumziko, ni kama soko la Kongowea asubuhi ikiwa kila mtu anagombania chenji. Na harufu ya mavi ya ndege inakukamata kooni. Jiwe zima limejaa, wamekaa chini kila mmoja ameelekeza uso kwenye upepo, wanaoruka wanaruka, wanaoshuka na samaki wanashuka. Nahodha akatia nanga mbali kidogo na mwamba. Akasema, basi, hapa ndo pa kuangalia.

Na hapa ndipo nilipofanya nilichofanya. Darubini haioneshi kitu. Picha za simu ni madoa meupe. Nimelipa, nimetapika, nimepoteza kofia, ami yangu alishuka kwenye visiwa kama hivi na kikapu, mimi nirudi Mombasa na madoa? Nikamwambia nahodha nataka kushuka dakika tano tu. Akasema saa hizi kule si pa kukanyaga. Nikamwambia nitaongeza elfu moja. Hakunijibu. Ule ukimya wake mimi nikaufanya ndo ruhusa, nikaruka, maji yalikuwa ya magoti na yanazidi kupwa, mwenzangu akanifuata.

Nilikuwa nimevaa champali. Yale mawe ni wembe. Kabla sijafika juu champali ya kushoto imekatika kamba na nimejichana kisigino. Nikapanda hivyo hivyo. Nilipoinua kichwa juu ya ukingo wote wakaruka kwa pamoja. Yani si mmoja mmoja, ni kama mtu ameshika pembe mbili za shuka akaikung'uta, mara jiwe lilikuwa jeupe, mara ni la kijivu, na weupe wote uko juu yetu unapiga kelele. Mavi yanatunyeshea. Mmoja akanidonoa utosini mpaka nikahisi unyevu. Nikawa nacheka, nimeinua simu, narekodi, narudi nyuma hatua moja nipate picha nzuri.

Mwenzangu ndo aliyesema, "Yakhe, usitembee."

Nikaangalia chini. Yai. Dogo kuliko la kuku, rangi ya mchanga na madoadoa ya kahawia, halina kiota, halina hata jani, limewekwa juu ya jiwe tupu. Shubiri moja na mguu wangu. Nikaangalia kando, jingine. Macho yakishazoea unaona mengine, mengine, mengine, kila mahali, yale niliyodhani ni mawe ni mayai. Na hatua ile niliyorudi nyuma, nikageuza mguu, kwenye champali iliyobaki kuna ute wa njano.

Nahodha anapiga kelele kutoka mashuani, "Rudi kwa nyayo zako! Kwa nyayo zako!" Sasa nyayo kwenye jiwe utazionaje. Tulishuka kwa mikono na magoti tukipapasa kama tunatafuta pete. Juu pale tulikaa labda dakika sita, saba. Jua la kukaribia saa sita kwenye lile jiwe mguu mtupu hauvumilii, na mayai yote yako wazi kwa sababu yangu, manake mama akikaa juu ya yai wakati ule hapashi moto, anakinga jua. Dakika chache za jua kali zinatosha kuua kilichomo ndani. Na hata tuliposhuka hawakurudi mara moja, waliendelea kuzunguka juu, na mashua ilipokuwa inatoka niligeuka nikaona sehemu ile tuliyopanda bado ni ya kijivu.

Kurudi tulisukumwa na upepo, haikuwa mbaya, isipokuwa injini ilizima mara moja tukayumba kama robo saa nahodha akisafisha plagi kwa shati lake. Hakuna aliyeongea. Tulipoingia kwenye kivuli cha Wasini maji yametulia ndo mzee akasema, bila kuniangalia. Akasema yeye mayai ya buabua amekula sana, zaidi ya huyo ami yako. Hanikatazi kwa kuwa yeye ni mtu mwema. Ananikataza kwa sababu jodari siku hizi si wa kuwaona tu kama zamani, unawatafuta, na macho ya kuwatafutia ni wale ndege. Elfu moja yangu nilipompa akaitazama akamwita kijana wa nanga, akampa yeye.

Baadaye nilisoma nikajua hesabu yake. Buabua yule anataga yai moja, mawili, si zaidi. Anayalalia siku kama 23 kwa zamu na mwenzake, kisha kifaranga kinalishwa karibu mwezi mzima kabla hakijaruka, kila dagaa ametoka baharini kwa kusi lile lile lililonitapisha mimi. Ile video niliyorekodi niliifuta. Watu wananiambia ningeiweka ingepata views, labda.

Kisigino kikafanya usaha. Majeraha ya matumbawe msiyachezee, yanabaki na vipande vidogo ndani, mimi nilipaka tu dawa ya kienyeji nikaendelea na kazi, siku ya tano siwezi kuvaa kiatu, nikaenda kusafishwa, sindano ya pepopunda na vidonge, 2,600. Jumla ya ile siku, ukiweka darubini na ya yule kijana wa simu, mimi peke yangu nilitumia zaidi ya elfu kumi na nne ili niende nikakanyage yai.

Nilikaa mwaka mzima sitaki kusikia. Aliyenirudisha ni mke wangu, akasema, kama unajuta nenda ukaangalie kama mtu mzima, si kukaa hapa unanungunika. Septemba 2023 tukaenda Watamu. Kule kuna Whale Island, jiwe kubwa lililolala kama nyangumi kwenye mdomo wa Mida Creek, ndani ya hifadhi ya baharini ambayo pamoja na ya Malindi ni za zamani kuliko zote Kenya, 1968. Faida ya Whale Island ni kwamba iko karibu na ufuo, hupigani na bahari wazi saa nzima kama Kisite. Safari hii nikaangalia mwezi kwanza, nikachagua maji mafu, mwezi 23 hivi wa Kiislamu. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali wala haiji kwa fujo, na maji ya kujaa yanaangukia katikati ya asubuhi, boti inakaa vizuri bila kuogopa mwamba. Nikachukua mwongozaji wa pale pale anayejua ndege, nikaazima darubini ya mara 8, tukaondoka saa kumi na mbili na nusu na umande. Mkate mkavu. Kofia ina kamba ya kidevu.

Tulikaa mbali, injini imezimwa, saa mbili nzima. Na ukikaa saa mbili bila kumsumbua mtu unaona mambo ambayo mimi juu ya lile jiwe nisingeyaona hata siku moja. Nilimwona dume analeta samaki amemshika kwa upana mdomoni, jike anamkataa, anazunguka nao, anarudi, anakataliwa tena (mke wangu akanitazama). Niliona wale wa aina ya pili, buabua wa mgongo wa kijivu kama moshi, nyusi nyeupe, hao hawatagi mahali wazi, wanaingia chini ya kingo za matumbawe kwenye vipango, na mwongozaji akanielekeza mpaka nikamwona kifaranga amekaa kwenye kivuli, manyoya kama vumbi, ukifumba jicho unampoteza. Huyo ukipanda juu ya jiwe unamkanyaga bila hata kujua alikuwepo.

Na kunguru alikuja. Mmoja tu, kutoka upande wa hotelini, anapiga mabawa polepole kama mwenye nyumba. Mwongozaji akasema huyu ndo adui namba moja hapa, watu wakiwarusha buabua yeye yuko tayari anangoja, anachukua yai anakwenda. Mwaka uliofuata nikasikia KWS wametangaza watapunguza kunguru milioni moja, nikamkumbuka yule. Lakini siku ile hakuna aliyewarusha. Walipomwona wakainuka kama ishirini wa upande ule tu, wengine wote wamebaki wamekalia mayai yao, wale ishirini wakamshukia kichwani kwa zamu mpaka akageuka na kurudi alikotoka, na anajifanya hakuwa anakuja huku.

Picha nilizoweka kwenye status ni za siku hiyo. Madoa meupe kidogo makubwa, basi. Nilitumia 2,000 kwa mwongozaji, boti tuligawana na familia moja ya Kilifi, na jioni tukapita Gede tukarudi Mombasa hatuna jeraha.

Kwa hivyo wanaonipigia simu, mambo machache ambayo sijawahi kumaliza kusema. Msiende na drone, kwanza bila kibali ni kosa, pili ndege wanaiona kama mwewe, wanaruka wote. Mkienda Kisite muulizeni askari wa KWS mwaka huo ndege wamekaa upande gani na boti isimame wapi, na akisema mbali ni mbali. Viatu ni vya kufunga, hata kama huna nia ya kushuka, manake boti ikikwama kwenye mwamba utashuka tu. Simu kwenye mfuko wa plastiki. Maji ya kunywa lita mbili kila mtu, kuna upepo huwezi kuhisi jua linavyokukausha. Kama una mtoto mdogo au mzee, au wewe mwenyewe bahari huiwezi, acheni kusi kabisa, ngojeni kaskazi mwende mdomo wa mto Sabaki juu ya Malindi, kule buabua wa aina nyingine na shakwe wanakaa maelfu kwenye mafungu ya mchanga, unatembea kwa miguu, boti haihitajiki. Hawatagi pale lakini unawaona.

Mimi mwaka huu narudi Kisite. Nilimpigia yule mzee, nikadhani hatanikumbuka. "Wewe wa champali," akasema. Tarehe amechagua yeye, maji mafu, tunalala Shimoni usiku kucha ili tutoke na umande, jaketi ni nne, na ameniambia atatia nanga pale pale pa mwaka ule. Sikuuliza kitu.

Stima imerudi, na kuna mtu wa Nyali ameshapiga simu mara mbili, AC yake inamwaga maji kitandani.